Msimsahau Buku



Kila mwaka ukifika mwezi wa Juni, masikio ya Watanzania yakiwa Dodoma kwenye bajeti, kuna mnyama mmoja ambaye ni nadra kukosa kutajwa. Si simba, si twiga. Ni sungura, tena kwa jina la kumpunguza: kasungura. Kasungura ketu kadogo, tunaambiwa, na wanaokangojea ni wengi. Walimu wanataka paja, barabara zinataka paja, zahanati nazo zinataka paja. Basi tugawane kidogo kidogo, tusigombane. Watu wanacheka, na mazungumzo yanaendelea.

Nami kila nikiusikia msemo huo hujiuliza: huyu sungura alikamatwa lini? Maana yule tuliyesimuliwa na bibi zetu hakufika kwenye sinia la mtu. Simba alimwinda akachoka. Fisi alishirikiana naye, akaambulia kipigo. Tembo na kiboko aliwavutisha kamba, kila mmoja akidhani upande wa pili yuko sungura, kumbe wanavutana wenyewe kwa wenyewe. Leo mjanja huyohuyo amechunwa ngozi, na kinachojadiliwa ni udogo wake. Aliyeshika kisu hatajwi. Kama bado kuna ujanja katika habari hiyo, basi umehamia kwa mwenye kisu.

Jioni hii nataka tumzungumzie mjanja wa hadithi, sungura na jamaa zake, kwa sababu naona tunampenda kwa haraka mno.

Si wetu peke yetu, hilo tulijue kwanza. Wanyarwanda wanaye Bakame, Waganda wanaye Wakayima, Waacholi wanaye Apwoyo, na ukishuka hadi Malawi na Zambia utamkuta Kalulu. Wote ni sungura. Wazande wa kule mpakani mwa Sudan Kusini na Kongo, mjanja wao ni Ture, jina la buibui. Na buibui ndiye mjanja wa Waakan wa Ghana pia, Anansi, ambaye alisafirishwa pamoja na watumwa hadi Jamaika na bado anasimuliwa huko. Majina ni mengi, lakini angalia umbo: sungura, buibui, kobe. Huyo mwenye meno na makucha, ujanja wa nini? Anayetakiwa kutafuta akili ni yule ambaye, bila hiyo, ataliwa kabla ya jua kuzama.

Sasa nawapeleka Unguja. Mwaka 1864 alifika pale kasisi Mwingereza, Edward Steere, mtu wa lugha, akaanza kukaa na wasimulizi na kuandika waliyomwambia. Mwaka 1870 kitabu chake cha ngano za Unguja kikachapishwa London, ukurasa huu Kiswahili, ukurasa wa pili Kiingereza. Baadaye Steere akawa askofu, na chini yake likajengwa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873. Fanyeni hesabu wenyewe: siku hadithi hizo zinaandikwa, soko lilikuwa wazi, watu wanapangwa mistari na kutazamwa meno. Kwa hiyo msimulizi wa Unguja alipomtaja simba mwenye nguvu na mnyonge anayetafuta pa kuponyokea, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Hadithi ninayoipenda zaidi katika kitabu hicho ni ya Sungura na asali. Wengi mnaijua, ila huenda mnaijua nusu.

Sungura anazunguka akitafuta chakula. Anaona mzinga juu ya mbuyu. Hapandi peke yake. Anarudi kumtafuta mwenzake, na anampata Buku. Buku huyu, kwa vijana wanaonisikiliza, si noti ya shilingi elfu. Ni panya buku, yule mkubwa. Sungura anamwambia kwamba baba yake amefariki na kumwachia urithi wa asali, twende tukale. Wanabeba mienge ya moto, wanapanda, wanawafukiza nyuki, wanakula. Mara chini ya mbuyu anatokea mwenye mali, Simba, anauliza ni nani walio juu. Sungura anamnong'oneza mwenzake: nyamaza, mzee huyo ana wazimu. Simba anauliza tena, kwa ukali. Buku anaogopa, anajibu kweli: ni sisi.

Hapo Sungura anamwambia Buku: nifunge ndani ya majani, mwambie Simba akae kando unatupa majani chini, kisha unitupe. Buku anafanya hivyo. Furushi linaanguka, Sungura anachomoka, huyoo. Simba anamwita aliyebaki ashuke. Buku anashuka. Anaulizwa alikuwa na nani, anasema alikuwa na Sungura, kwani hukumwona nilipomtupa? Simba anamla Buku, kisha anaanza kumtafuta Sungura.

Siku chache baadaye Sungura anakwenda kwa Kobe na maneno yaleyale, baba yangu amefariki, ameniachia asali. Wanapanda. Simba anakuja. Sungura anaomba afungwe kwenye majani atupwe. Lakini Kobe ana kichwa kingine. Anawaza: huyu anataka kunikimbia, mimi niliwe. Basi anapomtupa anapaza sauti kumwambia Simba kwamba anayekuja ni Sungura. Simba anamdaka.

Kuanzia hapo ndipo wengi mnaikumbuka. Sungura anamshauri Simba kwamba nyama yake ni ngumu, dawa ni kumshika mkia, kumzungusha na kumbamiza chini. Simba anazungusha, Sungura anateleza, anakwenda zake. Kobe naye anasema gamba lake halitafuniki, asuguliwe kwenye matope mpaka litoke. Simba anasugua na kusugua, anakuja kushtuka ngozi ya viganja vyake imechubuka na Kobe hayupo. Halafu ile ya nyumba: Simba amejificha ndani, Sungura anafika mlangoni anaisalimu nyumba, kimya. Anashangaa kwa sauti kwamba siku zote nyumba yake humwitikia, leo ina nini? Simba kule ndani anaitikia salamu. Sungura anakufa kwa kicheko, anatimua mbio.

Hadithi tamu. Simba wa Unguja ya mwaka 1870 anabaki na viganja vilivyochubuka na aibu ya kuitikia salamu ya ukuta. Mtu aliyetoka kuhesabiwa sokoni akisimulia hiyo usiku, namwelewa kabisa. Hata ng'ambo ya Atlantiki, katika mashamba ya pamba ya Marekani, watumwa wa Kiafrika walikuwa wakisimulia habari za sungura kama huyu; mwandishi wa Georgia, Joel Chandler Harris, alizikusanya kitabuni mwanzoni mwa miaka ya 1880, na humo yumo sungura aliyenaswa na sanamu la lami, ndugu wa damu wa sungura wetu aliyenaswa kwa ulimbo kisimani.

Lakini Buku je? Buku hakuwa simba. Hakumiliki mbuyu wala mzinga. Alikaribishwa kwa uongo wa urithi, akala kidogo, akasema kweli, akafa. Na msimulizi hakumficha. Angeweza kumtoa, hadithi ingesimama vizuri tu kwa Kobe peke yake. Alimweka hapo mwanzoni, kabla hatujaanza kucheka.

Tumwache kidogo, nitamrudia.

Kuna mjanja mwingine pwani yetu, huyu ana miguu miwili na kofia: Abunuwasi. Na huyu, wasikilizaji, alikuwa mtu kweli. Jina lake al-Hasan bin Hani, mzaliwa wa Ahwaz katika Uajemi, katikati ya karne ya 8. Alikulia Basra, akapata jina Baghdad zama za Khalifa Harun al-Rashid, akafa yapata mwaka 814. Alikuwa mshairi, tena kati ya wakubwa wa Kiarabu, na sifa yake ilikuwa mashairi ya mvinyo. Hata leo kuna mtaa Baghdad, kando ya mto Tigris, wenye jina lake. Jinsi mshairi wa ulevi alivyovuka bahari akashuka Unguja na Lamu akiwa raia mwerevu mwenye punda, bila mvinyo na bila ushairi, ni safari ya kuchekesha peke yake. Njiani alibeba hata visa ambavyo Waarabu wanavisimulia kwa jina la Juha na Waturuki kwa jina la Nasreddin.

Ujanja wa Abunuwasi si wa kuponyoka. Yeye hakimbii, anakwenda baraza la Sultani na kukaa. Kuna kisa cha maskini aliyeahidiwa zawadi akikesha ndani ya maji ya baridi. Amekesha. Kulipokucha akanyimwa, Sultani akisema kwamba usiku ule kulikuwa na moto unawaka mbali ng'amboni, na yeye aliutazama, kwa hiyo aliota moto. Maskini anakwenda kulia kwa Abunuwasi. Abunuwasi anamwalika Sultani na wakubwa wake karamu. Wanakaa. Njaa inauma. Saa zinapita, wali hauji. Sultani anainuka kwenda kutazama jikoni, anakuta sufuria imening'inizwa juu kabisa mtini, na moto umewashwa chini, shinani. Chakula hiki kitaiva lini? Ndipo Abunuwasi anajibu kwamba ikiwa moto wa ng'ambo unampasha mtu joto majini, huu ulio shinani utashindwaje na sufuria? Maskini akapewa haki yake.

Hicho ndicho kisa ningependa kisomwe kwenye vyuo vyetu vya sheria. Abunuwasi hakumwambia Sultani kwamba amekosea. Alikubali hoja ya Sultani, akaipikia.

Cha pili ni cha sufuria iliyozaa. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani yake. Yako imezaa, anasema. Jirani anapokea wote wawili, mama na mtoto, haulizi. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, na safari hii harudishi. Imefariki, Mungu ailaze pema. Jirani anawaka: tangu lini sufuria ikafa? Tangu ilipoanza kuzaa.

Tunacheka kwa sababu jirani ni bahili na tamaa yake imemrudi. Ila hebu tuisogeze hadithi hadi mwaka 2009. Tanzania ilikuwa na kitu kinaitwa DECI. Watu walipeleka fedha, na kupeleka huko kuliitwa kupanda mbegu. Ukipanda, ungoje, utavuna zaidi ya ulichopanda. Waliotangulia walivuna, wakaja mtaani na ushahidi mkononi, na hapo nani angewakatalia? Serikali ikaingilia, milango ikafungwa, na waliopanda mwishoni wakabaki wamesimama nje. Ni sufuria ileile. Inazaa mara moja mbele ya macho yako ili siku ya pili uilete kubwa zaidi. Tofauti ni kwamba jirani wa safari hii si bahili wa Baghdad. Ni mjane aliyetoa akiba ya kikoba, ni kijana aliyeuza pikipiki.

Na siku hizi ufundi umekuwa mdogo zaidi, hata kisufuria hakuna. Simu yako inalia mlio wa ujumbe: ile pesa tuma kwa namba hii. Hakuna salamu, hakuna jina. Aliyeandika hakujui. Ametupa ujumbe huo kwa wengi, akijua kati yao yupo mmoja ambaye saa hiyohiyo anadaiwa kodi na mwenye nyumba, au ana mtoto shuleni anayengojea ada. Huyo mmoja atatuma. Nakiri ujumbe ule una akili. Maneno sita tu, na mengine yote unayajaza wewe mwenyewe kwa shida zako. Sungura angeupenda.

Kinachonikera ni tunavyozungumza baadaye. Sikilizeni maneno yetu. Aliyeibiwa tunasema kapigwa, kaliwa, kaingizwa mjini. Yeye ndiye anayeona haya, anafika kituo cha polisi akitazama chini, au hafiki kabisa. Aliyemwibia tunamwita mtoto wa mjini. Jiji la Dar es Salaam lenyewe tumelipa jina la Bongo, kwamba pale bila ubongo huishi, na jina limeenea hadi likawa la nchi nzima. Silichukii; ni jina la watu waliobanwa na maisha wakajua watakula kwa akili. Bibi akimwona mjukuu amegundua sukari ilikofichwa, husema mjanja huyu, na anatabasamu. Sifa hiyo ni halali. Lakini neno hilohilo tumempa pia anayempokonya mjane wa kikoba, na tumempa bila kubadilisha hata sauti.

Wahenga walikuwa na tahadhari zao. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Huyo ni Kobe juu ya mbuyu, aliyeutazama mpango wa Sungura akaukataa mbele ya mwenye mali. Msemo hausemi mjinga afe. Unasema ataerevuka, na mwerevu ajiandae.

Upande wa pili nao niuseme, nisije nikaonekana nimehamia kwa simba. Wapo wakubwa ambao kila raia akitafuta upenyo wanamwambia aache ujanja ujanja. Mama lishe anahamisha majiko mgambo wanapotokea, akirudi wakishapita: ujanja ujanja. Mwenye duka kubwa akipanga mahesabu yake na mtaalamu wa kodi, hilo linaitwa ushauri wa kitaalamu. Kwa mama lishe mimi niko na sungura bila kusita. Anayekwepa kuliwa na anayekula wenziwe hawawezi kuwa mtu mmoja kwa sababu tu wote wawili wana mbio.

Katika kitabu kilekile cha Steere yumo mjanja wa namna ya tatu, ambaye hatajwi sana siku hizi, na kwangu ndiye mkubwa wao. Ni Paa. Maskini Hamdani, mtu anayeparuza jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula anamnunua paa. Watu wanamcheka. Paa akaja kusema kama mtu. Akaenda malishoni, akaokota almasi, akaipeleka kwa sultani wa nchi nyingine kama zawadi kutoka kwa bwana wake, Sultani Darai. Hakuna Sultani Darai. Ni Hamdani wa jaani. Paa anadanganya hatua kwa hatua: anamposea bwana wake binti wa sultani, anamwacha mtoni akiwa uchi na kusema ameporwa na wanyang'anyi, aletewe nguo za kifalme, kisha anakwenda kumuua nyoka wa vichwa saba aliyekuwa akimiliki jumba tajiri, na jumba linakuwa la bwana. Uongo mwingi kuliko wa Sungura mara kumi. Na hata punje moja hakujiwekea.

Kisha Paa anaugua. Anatuma ujumbe kwa bwana wake. Bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama mbovu, na kwenda kumtazama hataki. Alimnunua kwa thumuni, anasema, paa ni nini? Mke anamsihi, hasikii. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Mke anamwandikia baba yake, naye anakuja na watu wake kumzika mnyama yule kwa heshima. Usiku, mke anaota yuko kwao, na Hamdani anaota anaparuza jaani. Kunakucha. Mke yuko kwao, na Hamdani yuko jaani anaparuza, watoto wanamzomea.

Msimulizi wa hadithi hiyo hakuona haya kumsifu mwongo. Aliyemhukumu ni tajiri aliyesahau ametajirishwa na nani. Mimi naiona kuwa karibu na maisha yetu kuliko ile ya asali, kwa kuwa kila ukoo ninaoujua una Paa wake: shangazi aliyekopa hapa akalipa pale, aliyesema ada imeshalipwa kumbe bado, aliyemdanganya mwenye nyumba miezi mitatu ili kijana amalize chuo. Kijana amemaliza. Amepata kazi. Shangazi anapopiga simu kwamba anaumwa, anatumiwa elfu kumi ya dawa, na ahadi ya kuja Pasaka.

Sasa nirudi kwa Buku kama nilivyoahidi. Naisikia hadithi ya asali ikisimuliwa kwa watoto hapa na pale, na mara nyingi Buku ameondolewa. Sungura na Kobe wanapanda moja kwa moja, Simba anachubuka viganja, nyumba inasalimiwa, watoto wanacheka, wanalala. Naielewa nia: hatutaki mtoto alale na habari ya panya aliyeliwa. Ila tukimtoa Buku, tunabaki na Sungura ambaye hana deni kwa mtu, na Kobe anayeonekana mchongezi tu, maana hatujui alikuwa akiogopa nini.

Mnaosimulia, mrudisheni. Apande mbuyu, ale kidogo, aogope, aseme ni sisi, aliwe. Mtoto atauliza: na Sungura wakati huo alikuwa wapi? Msimfiche. Alikuwa ameshafika mbali, na baada ya siku chache alikwenda kubisha hodi kwa Kobe, akamwambia baba yake amefariki, amemwachia asali.